Nyuso za Nyuma

"Mnenepeshe kidogo," Nyamizi aliiambia mashine. "Tumbo litangulie, yeye afuate nyuma. Mvalishe kofia ndefu, ile ya mabwana wa London, na mkononi mpe kamba. Mwisho wa kamba nataka wingu. Wingu liwe na macho ya mbwa aliyechoka kuburutwa."

Nakshi ilikaa kimya kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Kisha kioo cha mezani kikaanza kujaa mistari myeusi, myembamba, iliyopishana kama nyuzi za chandarua, na katikati ya mistari ile akatokea Bwana Kipokola, Mkurugenzi wa Mamlaka ya Mawingu, kichwa kikubwa juu ya miguu ya kuku, akimburuta mnyama wake wa mvuke juu ya paa za Dodoma.

Chumba kizima cha habari cha gazeti la *Mwangwi* kiliangua kicheko. Watu waliacha viti vyao wakaja kuinamia meza ya Nyamizi. Mhariri mwenyewe, Bwana Chilongani, alitoka ofisini kwake akiwa bado na kikombe cha chai, akatazama, akacheka mpaka chai ikamwagikia sahani.

"Binti, utatufungisha wewe," alisema, na jinsi alivyosema ilikuwa ni sifa.

Mtu mmoja tu hakuinuka. Subilaga aliendelea kukaa kwenye meza yake ya dirishani, kalamu ya kuchovya mkononi, wino ukikauka kwenye ncha.

Mtindo ule ulikuwa wake. Akiwa mwanafunzi wa chuo aliwahi kukuta kwenye ghala la maktaba mafurushi ya majarida ya vichekesho ya Kiingereza, ya enzi za Malkia Viktoria, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Waziri alichorwa kama jogoo, benki kama fisi aliyevaa miwani, mto mchafu kama bibi kizee anayegawa maradhi kwa kijiko. Michoro ilichongwa kwenye mbao kwanza ndipo ikapigwa chapa, na kila kivuli kilijengwa kwa mistari, mstari juu ya mstari. Subilaga alikaa na majarida yale mpaka mkono wake ukajua njia. Alipoajiriwa *Mwangwi* akawageuzia wakubwa wa nchi kalamu ileile, akawavalisha kofia ndefu na makoti yenye mikia, na watu wakapenda. Walimsimamisha njiani. Mbunge mmoja aliomba auziwe mchoro uliomtukana ili autundike sebuleni.

Halafu mawingu yakaanza kuuzwa. Ndege ndogo zisizo na rubani zikawa zinayaswaga kutoka upande wa bahari kama ng'ombe, kila wingu na namba yake, zikayapeleka kwa aliyeshinda mnada. Kila siku kulikuwa na jambo la kuchekwa, na Subilaga alihitaji siku nzima kumaliza mchoro mmoja. Bwana Chilongani akanunua Nakshi. Waliotengeneza mashine hiyo walikuwa wameilisha majarida yale yale ya ghala, na mengine elfu kwa elfu ambayo Subilaga hakuwahi kuyaona. Na akaajiriwa Nyamizi, msichana wa Tabora aliyewahi kuandika vichekesho vya redio, ambaye hakuweza kuchora hata kikombe.

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kama Nyamizi angekuwa anachora, angemshinda au angeshindwa naye, na mambo yangekwisha. Lakini yeye alikuwa na mdomo tu. Alisema, na ikawa.

"Dada Subilaga," Nyamizi aliita kutoka katikati ya kundi, uso unang'aa, "njoo uone. Nimeweka ule mkunjo wa suruali unaoupendaga."

"Nimeuona kutoka hapa," alijibu Subilaga, akachovya kalamu upya.

*

Mama yake Subilaga alikuwa amekaa kibarazani nyumbani kwao Chang'ombe, gazeti limetandikwa mapajani. Lilikuwa gazeti la kitambaa, aina ile inayojibadilisha yenyewe kila asubuhi. Ulifua Jumapili, Jumatatu likawa na habari mpya. Subilaga alimsikia akicheka tangu kwenye geti.

Alikuwa hajamsikia mama akicheka hivyo muda mrefu. Tangu baba afariki, mama alikuwa mtu wa kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Sasa alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Leo umewaweza, mwanangu," alisema alipomwona. "Hebu ona hili tumbo! Na hili wingu! Nimemwita jirani aje aone, tumecheka mpaka ubavu unaniuma."

Subilaga aliweka mfuko wa nyanya chini. Chini ya mchoro palikuwa na maandishi madogo: *Nyamizi na Nakshi*. Macho ya mama hayakuwa yakisoma tena maandishi madogo.

"Unajua," mama aliendelea, akilainisha kitambaa kwa kiganja, "siku hizi umechangamka. Zamani ulikuwa unachora vizuri, sikatai. Lakini ulikuwa unachora kama mtu mwenye kinyongo. Mtu anatazama, anasema, kweli, halafu anafunga gazeti. Sasa hivi unacheka nao. Nimefurahi."

Palikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalikuwa machache tu: mama, hiyo si kazi yangu. Subilaga aliyatafuta, akayapata, akayaacha yakae.

"Asante, mama," alisema, akaingia jikoni. Alikata nyanya kwa nguvu kuliko zilivyohitaji, na kila mama alipocheka tena kule nje, kisu kilishuka.

*

Mnada mkubwa wa mwaka ulikuwa unakuja. Wafugaji wa Bahi, ambao mawingu ya watu yalipita juu ya vichwa vyao kila wiki bila kudondosha hata tone, walikuwa wametuma ujumbe mjini kuomba wapewe wingu moja bila mnada. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mmoja mtu mzima, Mama Sechelela, ambaye alisimama mbele ya ofisi za Mamlaka akasema kwa sauti ya kawaida kwamba hakuja kulia, amekuja kuuliza mvua ilianza lini kuwa na mwenyewe. Picha yake ilienea nchi nzima.

Nyamizi alikuja kwenye meza ya dirishani akivuta kiti kwa mguu.

"Dada, samahani nakusumbua. Hii ndiyo ya ukutani, ya siku ya mnada. Nataka jicho lako kabla sijaipeleka kwa bosi."

Ukuta wa Makole ulikuwa ndio ukurasa wa mbele wa *Mwangwi*, kioo cha ghorofa tatu kwenda juu, mbele ya uwanja ambapo mnada ungefanyika. Kila aliyekuwa na la kusema Dodoma alitamani kulisema pale. Kwa miaka mingi ulikuwa ukuta wa Subilaga.

Alipokea kioo cha mkononi. Mchoro ulikuwa mzuri, na kwa sekunde chache hakuweza kufikiri jambo lingine. Kipokola amekaa juu ya kiti cha enzi kilichotengenezwa kwa mabomba, anakunywa wingu kwa mrija. Wafanyabiashara wamempigia magoti na vikombe vyao. Jiji la Dodoma limechorwa kama mwanamke wa heshima aliyegeuza uso pembeni, aibu imemjaa. Na nyuma kabisa, wadogo kama punje za mchele, walisimama wafugaji wa Bahi na fimbo zao, wakitazama.

"Nimeipa Nakshi picha ya Mama Sechelela na wenzake," Nyamizi alisema. "Nilitaka wawe wao kweli, siyo watu tu. Wao ndio wenye heshima kwenye huu mchoro. Wengine wote wanajidhalilisha, wao wamesimama."

Subilaga aliikuza picha kwa vidole viwili.

Aliwajua wale watu. Si wale wa Bahi wenyewe, ila hawa waliochorwa. Alikutana nao kwenye ghala la maktaba akiwa msichana, kwenye kurasa ambazo alizifunua haraka. Waingereza wale walipomchora waziri wao walimcheka kwa alichofanya. Walipomchora mtu mweusi walimcheka kwa kuwepo. Paji la uso lililoangushwa mbele, taya lililovutwa, midomo iliyojazwa wino, mikono mirefu inayokaribia magoti. Mchoro baada ya mchoro, jarida baada ya jarida. Nakshi haikuwa na chuki na mtu. Ilikuwa imejifunza tu kwamba katika mtindo huu mtu mweusi aliyesimama nyuma huchorwa hivyo. Kwa sura kubwa za mbele waliotengeneza waliweka chujio la kuzuia hayo. Chujio halikushughulika na punje za mchele.

Na katikati ya punje zile alikuwepo Mama Sechelela. Lubega yake ya mirabaraba, hereni yake moja, fimbo yake, na juu ya hayo uso wa nyani.

Kwenye kioo cha mkononi hungeona kama hujui pa kutazama. Kwenye ghorofa tatu, kila uso wa nyuma ungekuwa mkubwa kama mlango.

Subilaga aliirudisha picha kwenye ukubwa wake. Sentensi moja tu ilitosha. *Nyamizi, angalia nyuma.* Msichana angeshtuka, angeziba mdomo kwa mkono, angeiambia mashine ifute na ichore tena. Siku ya mnada mchoro ungepanda ukutani ukiwa safi, na mama angecheka, na Chilongani angemwaga chai, na Nyamizi angesema mbele ya watu wote, ni dada Subilaga aliyeniokoa. Angelisema hilo kwa moyo wote. Hilo ndilo lililomshinda Subilaga. Angeweza kuvumilia kushindwa na mtu mbaya. Huyu alikuwa anamletea kazi yake kwa mikono miwili, kama mtoto anayeleta daftari.

"Iko sawa?" Nyamizi aliuliza.

Nje, ndege za mawingu zilikuwa zinapita zikivuma. Mtu fulani alikuwa anamwita Nyamizi kutoka upande wa pili wa chumba, anacheka tayari kabla hajaambiwa kitu.

"Iko sawa," alisema Subilaga. "Ipeleke."

"Kweli? Hakuna hata mstari mmoja?"

"Nimekwambia iko sawa."

Nyamizi alimshika bega kwa furaha, akaenda nusu akikimbia.

*

Siku ya mnada Subilaga alienda Makole mapema, akasimama penye wauza kahawa. Alijiambia amekuja kuripoti. Uwanja ulijaa. Mawingu ya kuuzwa yalikuwa yamepangwa juu, yamefungwa mahali pamoja na ndege zao, na wanunuzi walikuwa wanayanyoshea vidole kama watu wa mnadani Kizota wanaochagua ndama.

Ukuta ukawaka. Kicheko kilianzia mbele, kikarudi nyuma kama upepo kwenye mtama. Watu walipigana mabega, wakaonyeshana mrija, wakaonyeshana mabomba. Yule mwenye kahawa alisahau kupokea vikombe. Subilaga aliwatazama wakicheka na akahisi ule uchungu wa kila siku, akasubiri.

Kisha, upande wa kulia, pakaanza kimya. Watu wachache waliacha kucheka, wakainua nyuso juu zaidi, sehemu ya nyuma ya mchoro. Kimya kikasogea. Subilaga alikiona kikisogea, mtu kwa mtu, na utamu ukamwingia kifuani. Haukuwa mdogo. Ulikuwa kama maji baridi baada ya mchana mzima juani. Sasa wameona, alifikiri. Sasa mtajua tofauti ya mkono na mdomo.

Ujumbe wa Bahi ulikuwa umesimama karibu na jukwaa. Kijana mmoja wa mjini, ambaye kimya kilikuwa hakijamfikia, alimgeukia Mama Sechelela akicheka bado, akasema, "Mama, si wewe huyo pale?"

Mama Sechelela alitazama alikoonyeshwa. Alitazama kwa utulivu, kama mtu anayesoma jambo refu. Hakupiga kelele. Aliinua mkono wake taratibu, akajigusa paji la uso kwa ncha za vidole, kisha akajigusa mdomo, juu na chini, kama mtu asiye na kioo anayetaka kuhakikisha.

Utamu ule uliondoka kwa Subilaga kwa ghafla, pakabaki patupu pahali palipokuwa na utamu. Alitaka kutazama kwingine, akashindwa. Mzee mmoja wa Bahi alivua shuka yake akajaribu kuitupa juu ya ukuta, afunike, ikaanguka. Akaiokota akatupa tena. Watu wakaanza kurusha vikombe vya kahawa, kisha viatu, na ukuta ukazimwa huku mnada ukivunjika.

*

Kesho yake asubuhi walikaa kwenye chumba cha mikutano cha *Mwangwi*. Upande mmoja Mama Sechelela na wazee wake wawili, lubega zimekazwa. Upande wa pili Bwana Chilongani, Nyamizi na Subilaga. Nyamizi alikuwa amevimba macho.

"Kosa ni langu," alisema kabla hajaulizwa. "Mimi ndiye niliyeiambia mashine ichore, na mimi ndiye niliyeipitisha. Sikuangalia nyuma. Mama, sina la kujitetea."

Subilaga alikuwa amejiandaa. Usiku alikuwa amepanga la kujibu msichana akisema *nilimwonyesha dada*: kwamba macho yake nayo yamechoka, kwamba kioo kilikuwa kidogo. Nyamizi hakusema. Hata hakumtazama. Ikamjia Subilaga kwamba msichana hakuwa anamficha; hakujua kabisa kuwa kuna cha kuficha. Aliamini kwamba wote wawili hawakuona.

Bwana Chilongani alikohoa. "Mama, wazee wangu, gazeti linaomba radhi. Mashine tumeizima tangu jana. Huyu binti tunaachana naye leo. Na kuanzia sasa ukuta unarudi kwa dada Subilaga hapa. Yeye anachora kwa mkono wake, mnamjua, amekuwa nasi miaka yote. Jambo kama hili kwake haliwezi kutokea."

Basi ndilo hilo. Kila kitu alichokililia kwa siri kilikuwa kimewekwa mezani, na hakuhitaji hata kunyosha mkono. Nyamizi aliinamisha kichwa akakubali.

"Mimi sikuja kumfukuzisha mtoto wa mtu," alisema Mama Sechelela. "Kumfukuza kwako hakunirudishii uso. Nimekuja kuchorwa. Ukuta ule ule, ukubwa ule ule, watu wale wale wanione." Alimgeukia Subilaga. "Ni wewe unayechora kwa mkono? Nichore sasa hivi, nikuone unavyonitazama."

Karatasi ililetwa, na wino. Mama Sechelela alivuta kiti mpaka dirishani, akakaa, mikono juu ya fimbo.

Subilaga alichovya kalamu. Alianza na jicho, kama alivyozoea. Jicho likatoka vizuri. Akashuka kwenye pua, akatupa mistari ya kivuli upande wa shavu, na mkono ukashika mwendo wake wa siku zote, mwepesi, wenye uhakika. Alifurahi kuusikia. Akapanda kwenye paji la uso, akavuta mstari, akautilia kivuli chini. Akashuka mdomoni. Wino ukaingia mwingi kidogo. Akavuta taya.

Kisha akasimama kutazama.

Hakuwa nyani. Hakufika huko. Lakini paji lilikuwa limesogea mbele kuliko lilivyo, na mdomo ulikuwa mzito kuliko mdomo uliokuwa mbele yake dirishani, na taya nalo lilikuwa njiani kuelekea kule kule. Mkono ulikuwa umeenda peke yake, kwa njia uliyoijua. Miaka yote alikuwa amechora wakubwa wenye kofia, na wakubwa aliwachorea pua na mashavu ya wale mabwana wa London, akaita hiyo kejeli. Watu wa kawaida aliwachora migongo. Aliwaweka wakitazama upande wa pili, akiamini ni ubunifu. Hakuwahi hata mara moja kumchora mwanamke wa Bahi kwa mbele, na sasa alipojaribu, ghala lote la maktaba lilikuwa limemtangulia kwenye karatasi.

Alifikiria kuichana. Angesema wino umevuja, angeanza nyingine, angekuwa makini, na hakuna ambaye angejua. Nyamizi angefungasha vitu vyake kwenye boksi. Ukuta ungewaka.

"Lete nione," alisema Mama Sechelela.

Subilaga aliinua karatasi, akaisimamisha mezani wote waione. Mzee mmoja aliguna.

"Si mashine tu," alisema Subilaga. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Mimi na ile mashine tulisomea kitabu kimoja. Na kuna jingine. Nyamizi aliniletea ule mchoro kabla haujapanda. Aliniuliza kama uko sawa. Niliukuza nikaziona nyuso za nyuma, zote, na ya kwako mama nikaijua. Nikamwambia uko sawa."

Nyamizi alinyanyua kichwa.

"Uliona?"

"Niliona."

"Labda hukuona vizuri, dada. Kile kioo ni kidogo..."

"Nyamizi, niliona. Nilitaka uanguke. Watu walikuwa wanacheka kwako na mimi nimekaa pale dirishani. Mama yangu mwenyewe amecheka kazi yako akidhani ni yangu, na sikumwambia." Hakukuwa na cha kuongeza kinachoweza kulifanya jambo lile liwe dogo. "Sikufikiri kuhusu huyu mama kabisa. Nilikufikiria wewe tu."

Nyamizi alisimama. Alitafuta mahali pa kuweka mikono, akaiacha ining'inie.

"Ungeniambia tu kwamba unanichukia," alisema, "ningejua la kufanya. Ningehama meza. Ningeondoka. Mimi jana nimelala nikisema, afadhali dada Subilaga naye hakuona, maana angeona angeniambia." Akatoka, na hakufunga mlango.

Bwana Chilongani aliusugua uso wake kwa viganja. Alipoongea aliongea na meza. Nyamizi atabaki, alisema, kama mwenyewe atataka kubaki. Ukuta utakaa mweupe kwa sasa. Na dada Subilaga aache funguo za ofisi kwa mlinzi anapotoka.

"Sawa, bosi," alisema Subilaga.

Alianza kukusanya kalamu zake. Hakuhisi wepesi wowote ambao watu husema mtu huuhisi akisema kweli. Kutoka chumba cha habari alisikia sauti ya Nyamizi, na sauti nyingine zikimzunguka, zikimbembeleza, na hata hapo, hata saa ile, kitu kidogo kichungu kilijigeuza ndani yake kwa sababu zilikuwa sauti nyingi. Akakiacha kijigeuze. Hakukipa neno la kusema.

Wazee wa Bahi walikuwa wamesimama tayari kuondoka. Mama Sechelela hakusimama.

"Ninyi tangulieni kwenye gari," aliwaambia. Kisha akamtazama Subilaga. "Wewe unaenda wapi?"

"Nimefukuzwa, mama."

"Yeye amekufukuza kwenye gazeti lake. Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi nachorwa, na sijamaliza kuchorwa." Alisogeza fimbo, akanyosha mgongo. "Nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo mpaka Bahi na nikifika nitaendelea nayo. Weka karatasi nyingine."

Subilaga alitazama mlangoni. Bwana Chilongani alipandisha mabega, akatoka.

Aliweka karatasi nyingine. Kalamu ya kuchovya aliirudisha kwenye mfuko, akachukua penseli ya kawaida ya mezani, iliyotafunwa mwisho na mtu asiyemjua. Hakujua aanzie wapi. Jicho lingemrudisha njia ile ile, kwa hiyo aliliacha. Akatazama. Alitazama mpaka Mama Sechelela akaanza kusinzia na kuzinduka, na mpaka uso ule ukaacha kuwa uso wa namna fulani na kuwa tu mahali ambapo mwanga wa dirishani ulipita: sikio, mfupa chini ya sikio, mstari wa shingo. Akavuta mstari. Ulikuwa mbaya, wa mtu anayejifunza. Akaufuta, akavuta mwingine. Karatasi ya kwanza ikaharibika, na ya pili. Mkono wake, uliokuwa na haraka maisha yote, ulisitasita kwenye kila kona.

Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili alipogeuza karatasi ya tatu. Mama Sechelela aliichukua kwa mikono yote miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akakunja uso.

"Huyu si mimi," alisema.

Subilaga akanyosha mkono kuirudisha.

"Subiri kwanza." Aliitazama tena, kwa muda. "Huyu ni dada yangu mkubwa, marehemu. Hukumjua wewe. Kidevu hiki ni chake." Akamrudishia karatasi, akajiweka sawa kitini, akaelekeza uso wake dirishani kama mwanzo. "Umekaribia. Endelea."